Binti Yangu Amepona kwa Mujibu wa Jedwali

Kutoka kwa: Mama wa Mapacha,
Mwalimu wa darasa la pili,
Chumba cha mwisho kabla ya vyoo.

Kwa: Mkuu wa Kitengo cha Kumbukumbu za Wagonjwa,
Hospitali Kuu, ghorofa ya pili,
Mlango ulioandikwa "Ingia Bila Kugonga" na kufungwa kwa ndani.

Ndugu Mkuu,

KUHUSU: PONGEZI NA MALALAMIKO JUU YA KUNAKILIWA KWA BINTI YANGU

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, au angalau unaonekana mzima kwenye kompyuta, maana siku hizi nimefundishwa kwamba hilo ndilo la muhimu zaidi.

Kwa kuwa kitengo chako kinanifahamu kwa namba tu, naomba nijitambulishe kwa maneno. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa mapacha, wa kiume na wa kike. Wa kiume tunamwita Meneja, kwa sababu tangu alipokuwa anatambaa alikuwa akitupangia kazi. Wa kike tunamwita Chiriku, kwa sababu hanyamazi hata akiwa amelala. Majina yao halisi mnayo. La Chiriku mnalo kuliko mnavyohitaji, kwa hiyo hapa sitaliandika. Nachelea lisije likaongezeka.

Watoto wote wawili walipata mtoto wa jicho. Meneja alitangulia. Daktari wenu wa macho, mama mmoja mpole mwenye vidole virefu, alimfanyia upasuaji mwaka jana, na leo Meneja anaona mpaka visivyomhusu. Kwa Chiriku tatizo lilichelewa kujitokeza: nukta nyeupe kwenye mboni ya jicho la kushoto, kama tone la maziwa. Likakua. Daktari akanikalisha chini, akanieleza kwamba jicho la mtoto likikaa gizani muda mrefu, ubongo hulizoea hivyo ukaacha kulitumia, na hata likija kusafishwa baadaye, linakuwa jicho zima lisilojua tena kazi yake. Akaandika kwenye karatasi: upasuaji, haraka. Neno "haraka" akalipigia mstari. Nikashuka na karatasi hiyo hadi kwenye kitengo chako, na hapo ndipo tulipoanza kufahamiana.

Yafuatayo ni malalamiko yangu. Nimeyapa namba ili iwe rahisi kwenu kuyanakili.

1. Kwamba binti yangu aliponywa bila kuguswa.

Karani wa dirisha la pili, mama mwenye haraka na roho nzuri, aliona kwamba Meneja tayari yumo kwenye jedwali lenu. Mama ni yuleyule, baba yuleyule, tarehe ya kuzaliwa ileile, mtaa uleule, ugonjwa uleule. Akaniambia, "Mwalimu, ya nini kujichosha? Nanakili mstari wa kaka yake, nabadilisha jina tu, tunamaliza." Na kweli alibadilisha jina tu. Namshukuru kwa kutimiza ahadi, kwa sababu si watumishi wengi wa umma wanaofanya hivyo. Vingine vyote alivyokuwa navyo Meneja, Chiriku akavipata kufumba na kufumbua. Akawa mwanamume. Akawa na kovu gotini. Na kwenye kisanduku cha hali ya mgonjwa ikasomeka: "Amefanyiwa upasuaji. Amepona."

Siku ya upasuaji ilipofika, muuguzi wa mapokezi aliangalia skrini, kisha akanipa mkono.

"Hongera, mama. Mtoto amepona."

Nikamwambia mtoto hajaguswa. Akanigeuzia skrini nijisomee. Mimi ni mwalimu, siwezi kubishana na maandishi. Nikainama nikamwambia Chiriku kwamba amepona. Alifurahi mno. Akageuka mbio akamweleze kaka yake, akaugonga mlango kwa upande wa kushoto.

Katika kazi yangu hukutana na watoto wanaonakili mtihani wa jirani mpaka jina la jirani. Karani wako alinakili kila kitu isipokuwa jina. Lazima nikiri kwamba ana hatua moja mbele ya darasa la pili.

2. Kwamba marekebisho yalikuja, yakatukuta wote nyumbani.

Nilielekezwa kwa mtaalamu wenu wa kompyuta, yule mnayemwita Injinia. Ofisi yake iko chini ya ngazi. Ina feni inayogeukia upande mmoja tu, na kikombe chake cha chai hukaa juu ya mashine inayochemka ili chai isipoe. Alinipisha kiti chake mwenyewe, yeye akasimama. Katika hospitali yako nzima, huyo ndiye mtu wa kwanza kunikaribisha nikae.

Alinieleza kwamba jedwali lenu huzungumza lugha inayoitwa SQL. Ukitaka kunakili, unaiambia: uchague mstari ule, uuingize tena. Ukitaka kurekebisha, unaiambia: sasisha jedwali, weka hiki na hiki, kisha unamalizia kwa neno WHERE, yaani wapi hasa.

"Hilo la mwisho ndilo sharti, mwalimu," akasema. "Ndilo linaloiambia kompyuta iguse mstari upi na iache upi. Bila hilo inagusa yote."

Nikamwambia neno zuri sana, tulitumie. Akaandika: weka jinsia "mwanamke", weka hali "anasubiri upasuaji". Wapi? Akaweka namba ya kaya yetu. Akabonyeza. Kompyuta ikajibu kwamba mistari mitano imeathirika.

"Mitano ya nini?" nikamuuliza. "Mtoto ni mmoja."

Injinia alihesabu mistari ya skrini kwa kidole. Halafu akaniuliza taratibu, "Mwalimu, nyumbani kwenu mko wangapi?"

Ndugu Mkuu, tuko watano. Mume wangu ni dereva wa lori la mikate, mtu wa ndevu nyingi na maneno machache. Akiwa barabarani alipokea ujumbe kwenye simu: "Mama mpendwa, unakumbushwa kuhudhuria kliniki ya wanawake." Aliegesha lori pembeni, akanipigia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna jambo lolote ningependa kumwambia. Mama mkwe wangu alisema yeye amekuwa mwanamke siku zote bila kusaidiwa na kompyuta, na tangu siku hiyo haachi kutukumbusha kila tukikaa kula.

Lakini aliyeumia ni Meneja. Tulipigiwa simu kwamba mtoto aletwe apasuliwe. Nikawapeleka wote wawili, nikiamini safari hii ni zamu ya Chiriku. Nilipokuwa natia saini, wauguzi walimchukua wa juu kwenye orodha, wakamvisha gauni la kijani na kofia. Nikasikia sauti yake kutoka ndani.

"Mimi nimeshapona! Mwulizeni daktari!"

"Kompyuta inasema bado," muuguzi akamjibu. "Tulia, baba, haiumi."

Hakutulia. Alitoka mbio na gauni lililo wazi mgongoni, akapita ukumbi mzima wa wagonjwa wa nje, akajichimbia chini ya benchi la wazee waliokuja kupimwa sukari. Wazee wakaibana miguu yao ili wauguzi wasimtoe, wakakataa kabisa kwamba wameona mtoto. Alitolewa na daktari wa macho mwenyewe. Alipiga magoti sakafuni, akammulika jichoni kwa tochi yake ndogo, akasema, "Hili nililifanya mimi. Kazi ya mkono wangu naijua." Akataka kumwingiza Chiriku palepale. Akaambiwa haiwezekani, jina lililopangwa siku hiyo ni la Meneja, na asiye kwenye orodha hafunguliwi mlango.

3. Kwamba tulirudishiwa tulivyokuwa, juu ya tulivyo.

Injinia aliona aibu kubwa. Akaamua kuirudisha mistari yetu kutoka kwenye nakala ya akiba. Aliinakili vizuri kabisa, akaiingiza kwenye jedwali, akasahau kuifuta ile iliyoharibika. Chiriku akawa wawili: mmoja mwanamume aliyepona, mwingine mwanamke anayesubiri.

Nilipokwenda kumpanga upya, karani wa dirisha la pili akanyanyua macho.

"Mwalimu, hapa wako wawili. Jina moja, mama mmoja, siku moja. Nikimpanga mmoja, kompyuta inagoma. Njoo nao wote tujue nani wa kweli."

"Ninaye huyu mmoja tu," nikamwambia.

"Sasa yule mwingine yuko wapi?" akauliza, kalamu iko tayari mkononi.

Maisha yangu yote sijawahi kuulizwa mbele ya foleni kwamba mtoto nimempeleka wapi. Mama aliyekuwa nyuma yangu alimvuta mwanawe karibu zaidi.

4. Kwamba kwenye kisanduku cha "watoto", katika mstari wa binti yangu mwenye umri wa miaka mitano, mliandika "mmoja". Ndugu Mkuu, ni mtoto wa jicho. Naomba tusilijadili zaidi. Kliniki ya wazazi bado inatupigia simu kuuliza kama mtoto huyo ananyonya vizuri.

5. Kwamba mlipokuwa mnasasisha jedwali, jicho nalo lilikuwa linaendelea na mambo yake.

Hapa naomba uniwie radhi, kejeli zimenipungukia kidogo. Chiriku ameanza kuinamisha kichwa kama ndege anayesikiliza. Ukimpa kikombe, mkono wake unafika pembeni ya kikombe. Mezani anataka kukaa kulia kwa kaka yake, ili upande usioona awepo mtu anayemjua. Meneja amejipa kazi ya kumtangazia: "Anakuja bibi. Kuna ngazi. Huyo ni paka tu." Na jambo linaloniuma kuliko yote ni kwamba amenyamaza. Nilidhani anaumwa. Nilipomuuliza akasema, "Nikiongea sisikii nani anakuja." Nyumba ambayo hatujawahi kusikia saa ya ukutani ikigonga, sasa tunaisikia.

6. Kwamba mlimfanya binti yangu kuwa hospitali nzima.

Nilirudi chini ya ngazi. Nikamwambia Injinia sitaki mume, sitaki mama mkwe, sitaki kovu la goti. Namtaka Chiriku peke yake, mwanamke, anayesubiri. Akakubali. Alimfuta yule wa ziada. Halafu akaanza kuandika mbele ya macho yangu, pole pole, akisoma kila neno kwa sauti: sasisha jedwali la wagonjwa, weka jina hili, weka jinsia hii, weka hali hii. Akafika hapo, simu ikalia.

Ilikuwa wewe, Ndugu Mkuu. Ulikuwa unauliza kwa nini suala la yule mwalimu msumbufu halijaisha.

Injinia alisimama wima kukujibu, kwa heshima zote. Akasema ndiyo mkuu, namaliza sasa hivi mkuu, na kidole chake kikabonyeza. Sharti lilikuwa bado halijaandikwa. Kompyuta ilifikiri kidogo, kisha ikatoa idadi ya mistari iliyoathirika. Sikuisoma yote, ilikuwa ndefu. Injinia aliirudisha simu mahali pake kama mtu anayelaza mtoto, akakaa sakafuni, kwa sababu kiti nilikuwa nacho mimi.

Sijui kama asubuhi iliyofuata ulipita ukumbi wa kusubiri. Mimi nilikuwepo. Muuguzi alitoka na kuita jina la binti yangu. Ukumbi mzima ukasimama. Akadhani hawakumsikia vizuri, akarudia kwa sauti zaidi. Wakamsogelea. Mzee wa mkongojo, mjamzito wa siku zake za mwisho, askari wa getini aliyekuja kutafuta dawa ya kikohozi, kila mmoja ana kadi mkononi, na kila kadi inasema ni msichana, anasubiri upasuaji wa jicho la kushoto. Fundi bomba mmoja aliyefungwa kitambaa kwenye kiganja alifika mbele akasema, "Dada, mimi si msichana. Lakini nimekaa hapa tangu alfajiri, na ukiniita kwa jina hilo naitika." Hata mganga mkuu wenu, aliyekuja kupima shinikizo la damu, aliambiwa arudi na mzazi wake.

Chiriku akanivuta gauni.

"Mama, hawa wote wanaitwa kama mimi?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Na wote hawaoni?"

Nimelileta swali kwako.

Baada ya malalamiko hayo, na kwa kuwa nimeshakubali kwamba jedwali ndilo lenye ukweli na sisi wenye miili ndio tunaopotosha, naleta maombi yangu kwa unyenyekevu.

Kwanza, yule Chiriku wenu aliyepona aripoti shuleni wiki ijayo. Akae mbele, asome ubaoni, ajaze daftari. Wangu nitabaki naye nyumbani, kwa kuwa kisheria hana tatizo lolote la kumfanya asisome.

Pili, nipewe barua yenye muhuri inayothibitisha kwamba mlango ndio uliomgonga binti yangu.

Tatu, mchukue mstari wako wewe mwenyewe, muunakili, mbadilishe jina, mweke la binti yangu. Hapo atapata macho mawili mazima, kiti kinachozunguka na ofisi yenye kiyoyozi. Na ili haki itendeke, ule mstari wako wa awali usasishwe kwa jicho lake la kushoto. Si kwa muda mrefu. Ni mpaka faili litakapokaa sawa. Utauzoea mlango wa ofisi yako. Mwenzako alihitaji kuugonga mara chache tu.

Nne, niruhusiwe kutumia utaratibu huu darasani. Nitampa mwanafunzi mmoja mia kwa mia, halafu nitasasisha darasa zima bila sharti. Hakuna mzazi atakayelalamika. Baada ya hapo mnaweza kuwasasisha wote kuwa madaktari, na upungufu wa watumishi wa afya utakuwa umekwisha kabla ya chai ya saa nne.

Kama hayo yote ni mazito, basi linabaki dai moja, nalo ndilo kuu, na silipunguzi hata kidogo: jedwali lote lirudishwe kama lilivyokuwa, leo hii, kabla ofisi haijafungwa. Kila mgonjwa apewe jina lake, jinsia yake na ugonjwa wake. Lisiporudishwa, nitakuja kukaa nje ya mlango wako pamoja na mama mkwe wangu. Mimi nina subira ya kazini. Yeye hana, na hataki kujifunza.

Namalizia kwa salamu. Nisalimie karani wa dirisha la pili na haraka zake. Nisalimie Injinia, mwambie simlaumu sana, na kiti chake kinaniuma mgongo mpaka leo. Wasalimie wauguzi wa mapokezi, askari wa getini, na wale wazee wa sukari waliomficha mwanangu. Wasalimie na wagonjwa wote mmoja mmoja kwa jina. Halitakusumbua kulikumbuka.

Ni mimi, kwa heshima zote na kwa macho mawili,
Mama wa Mapacha
(kwa sasa, kwa mujibu wenu, msichana wa miaka mitano)

Tanbihi: Ndugu Mkuu, bahasha nilikuwa nimeshaifunga, niko kwenye benchi lenu na Chiriku nasubiri ufungue mlango, ndipo daktari wa macho akatoka kwenye chumba chake cha upasuaji akiwa na orodha ya siku. Nafasi zote kwenye orodha, ya kwanza hadi ya mwisho, zilikuwa na jina la Chiriku. Akauliza ukumbi mzima, "Huyu mtoto yuko wapi? Leo kompyuta haina mwingine wa kunipa." Akamwingiza Chiriku wangu wa kwanza. Wagonjwa wake wengine aliwatafuta mwenyewe kwenye mabenchi, akiuliza kila mtu anaumwa nini, na nasikia siku hiyo walihudumiwa wengi kuliko kawaida.

Bandeji imefunguliwa leo. Chiriku amemtazama kaka yake kwa makini, akasema alikuwa hajui kama Meneja ana masikio makubwa namna hiyo. Ameendelea kuongea tangu hapo, njia nzima hadi nyumbani.

Kwa hiyo, kuhusu dai langu kuu hapo juu: nakuomba sana msiliguse hilo jedwali. Tuna kliniki ya marudio mwezi ujao, na sitaki mtu alitengeneze kabla ya hapo.

Halafu kuna mwanafunzi wangu anayekaa karibu na dirisha. Juzi nimeona ana tone jeupe jichoni, na mama yake ameniuliza sisi tulipitia wapi. Sikuona namna ya kumweleza. Naomba mstari wa binti yangu unakiliwe kwa ajili yake. Nitamleta Jumatatu, mapema.